Betri Inayonukia Embe

Leo nimeitwa pembeni uwanja wa ndege, mama yangu akiwa kando yangu.

Tumetoka Kariakoo na vitenge vya harusi ya binti wa mjomba, tunaenda Mwanza. Begi langu likapita kwenye mashine, dada mmoja afisa wa ukaguzi akalifungua.

Akatoa sigara yangu ya umeme.

Mama hajui kama navuta, jamani.

Yule dada akanitazama, akamtazama mama. "Betri hii haikai kwenye mzigo wa chini ya ndege, inaweza kushika moto. Ibebe kwenye mkoba."

Nikashusha pumzi.

Mama akaichukua, akainusa. "Betri gani inanukia embe?"

Nikamwambia ukweli.

Akakaa kwenye kiti. "Alhamdulillah. Mimi nilidhani umebebeshwa unga."

Tunasubiri kupanda sasa. Kanishika mkono, haachii.

Nyie wenzangu, mama zenu wanajua?