Fundi Aliyelegea

Katika kambi moja ya mafunzo ya taichi, sanaa ya Kichina ya kupigana kwa ulaini, hakuna aliyekakamaa kama fundi mmoja wa kuchomelea vyuma: mabega yamepanda masikioni, na hata kijiko cha chai alikishika kama koleo. "Legea, kaka," mwalimu wake, mwanamke mdogo wa umbo, alimwimbia kutwa. "Mwalimu, mama kanilea kwa neno moja: usilegee!" Asubuhi ya mwisho mwalimu akamsukuma kifuani kwa nguvu zote. Lo! Mabega yakashuka, kiuno kikazunguka, mwalimu akapitiliza kama aliyesukuma mlango usiofungwa. Ukumbi mzima makofi! Fundi, jasho likimchuruzika na meno yote nje, akampigia mama yake simu palepale. "Mama, nimelegea! Nimelegea kabisa!"

"Pole, baba," mama akajibu kwa hofu. "Rudi nyumbani nikuuguze."