Kaburi la mke wangu wa ukutani

Rafiki zangu, nimewaficha jambo ambalo ninyi nyote mmelitazama kwa macho yenu.

Leo asubuhi Zaina, mtoto wa ndugu yangu, alikuwa anapangusa picha ya marehemu mke wangu, ile iliyo sebuleni.
Akauliza bila kugeuka: "Baba, kaburi ya bibi yako iko wapi? Siku yako ikifika, tukulaze pembeni yake."

Nikasema Kabambare.

"Kabambare wapi? Tumutume mutu akafyeke majani."

Nikajifanya nimesinzia. (Uzee una faida zake.)

Wakati wa Wabelgiji, karani kama mimi aliyetaka kadi ya ustaarabu, ile ya Mwafrika aliyehesabiwa kuishi kama Mzungu, alikaguliwa nyumba mpaka kuta. Mpiga picha mmoja hapa Kasongo alikuwa na picha ya mwanamke ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Nikainunua, nikaitundika.
Wakaguzi wakauliza. Nikajibu: mke wangu, amefariki.
Wakavua kofia.

Tangu hapo watu walinipa pole, wala hawakuuliza kwa nini naishi peke yangu. Jioni nilizoea kumsimulia habari za siku.

Zaina yuko jikoni, bado anangoja. Nimwambieje?

Hakuna kaburi. Sikuoa kamwe, na jina la mwanamke huyu silijui.