Wasindikizaji wa Zagayu

Siku yangu ya kwanza ya ukondakta, tajiri alinipa filimbi na onyo: nisilale njiani, nisibishane naye. Tajiri ndivyo tulivyomwita mwenye gari. Biashara ilikuwa imefunguliwa, watu binafsi wameruhusiwa kuendesha mabasi, naye akanunua lori kuukuu la Mwanza na kulijengea bodi ya basi. Kabla ya hapo sisi wa kijiji cha Zagayu tulisafiri juu ya marobota ya pamba kwenye malori.

Tulipokwenda kuijaribu njia, tulikuta umati kituoni Zagayu. Tajiri akasugua viganja.

"Hapa pana abiria, konda."

"Tajiri, anayesafiri ni yule mayu, yule mama mwenye tenga la kuku. Wengine wanamsindikiza."

"Ukoo mzima?"

"Na majirani."

Akacheka, akaamuru gari lianzie Zagayu kila asubuhi. Kubishana nilishakatazwa.

Masika yalipokolea akaja kukagua. Umati ulikuwepo, waliopanda ni watatu. Akanuna kweli kweli.

"Kesho gari haliji huku. Litaanzia Bariadi."

Niliumia. Mama yangu alikuwa akienda hospitali kwa basi hilo, na bila hilo ni kurudi kwenye marobota.

Tukaondoka naye ndani, lakini hatukufika mbali. Tope la mbuga, lile jeusi la kung'ang'ania, likatumeza mpaka ekseli. Utingo akachimba, dereva akakanyaga mafuta, wapi! Lakini wasindikizaji walikuwa bado wamesimama barabarani, maana kwetu humwachi msafiri mpaka apotee machoni. Wakaja na ng'ombe wa jembe na minyororo, wakavuta huku wakiimba. Tajiri naye akakunja suruali, akasukuma katikati ya akina mama.

Gari lilipotoka, akaingiza mkono mfukoni. Mzee mmoja akamzuia.

"Pesa ya nini, baba? Tunamsindikiza mtu wetu."

Tulipofika stendi ya Bariadi, tajiri akakung'uta tope kwenye suruali.

"Konda," akaniambia, "kesho kule Zagayu usipige filimbi mpaka wamalize kuagana."

Nampenda tajiri yule hadi leo kwa maneno hayo.

Nilistaafu lami ikiwa imeshafika Bariadi. Sibezi lami, tope lilinitesa vya kutosha. Ila siku hizi abiria anashushwa na bodaboda, anapanda peke yake, mlango unafungwa. Hunitia huzuni. Nikiwa stendi nikamwona mtu mzima hana wa kumuaga, husimama chini ya dirisha lake mpaka gari liondoke. Hatujuani. Wengi hudhani nauza karanga.