Besi Ndiyo Iliyobaki

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze namna ya kutafuta wimbo usioujua jina lake. Nitakwenda polepole. Mimi ni mwalimu, na sipendi mtu abaki nyuma.

Miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha shule ya msingi Ruiru. Ndugu yangu mkubwa alifanya kazi Thika, katika kiwanda cha nguo, kwenye mashine zilizonguruma mchana kutwa. Kelele zile zilikuwa zikimla masikio. Mwanzoni aliniomba nirudie maneno. Kisha akaacha kuomba, akawa anaitikia tu kwa kichwa, nami nikajua hapo hajasikia. Watu wakipiga gumzo mezani, yeye aliangalia sahani yake.

Kitu kimoja bado kilimchangamsha: kaseti aliyonunua sokoni katikati ya mitumba, haina karatasi wala jina. Baadaye sana nilijua kwamba muziki ule huitwa panki, tena panki ya mchanganyiko. Gitaa linakwaruza na mwimbaji anafoka, halafu ghafla mambo yanatulia, reggae inaingia na tarumbeta zake, kisha wote wanatimua mbio tena. Aliisikiliza mpaka utepe ukaanza kulegea. Jumamosi moja akaniambia, "Mwalimu, nitafutie nyingine kama hii. Masikio haya yanafunga duka. Wacha niyajaze kwanza."

Nilienda kwa mama mmoja pale Thika aliyekuwa na kibanda cha kurekodi kaseti. Ulimpelekea kaseti tupu, ukamwambia nyimbo unazotaka, ukarudi kuichukua ikiwa imejaa. Mimi sikuwa na majina, kwa hiyo nilimwimbia kidogo, kwa aibu.

"Ngai! Mwalimu, hizo ni za makelele tu. Ninazo mingi."

Akanirekodia nyimbo za magitaa makali. Ndugu yangu alisikiliza wimbo mmoja na nusu, akazima redio.

"Hii ni kiwanda," akasema. "Na si nimetoka huko saa hii?"

Nikamletea reggae. Hiyo aliivumilia zaidi, lakini nayo akaitoa. "Hii imeshiba githeri ikalala."

Nilikaa nikiwaza. Darasani, mtoto akishindwa kunieleza jambo, huwa naacha kumwuliza, namwomba anionyeshe. Basi nikaweka ile kaseti yake ya zamani, nikamwambia kwa sauti kubwa, "Nipigie hapo mezani kile unachosikia."

Akaanza kupiga kwa vidole viwili. Nilingoja aguse gitaa, hakuligusa. Mwimbaji alipofoka, vidole havikubadilika. Tarumbeta zilipoingia hata uso hakuinua. Alikuwa akifuata besi, ikitembea kama mtu asiye na haraka, na ngoma kubwa chini yake. Zilipotimua mbio, kiganja kizima kilishuka mezani naye akatabasamu. Hapo ndipo nikaelewa. Vyote nilivyodhani ndivyo wimbo vilikuwa vimeshamwacha. Nilikuwa nikimtafutia muziki wa masikio yangu.

Niliporudi kibandani sikuimba. Niligonga meza ya yule mama kwa vidole: polepole, polepole, kisha mbio.

Akanikazia macho. "Wee! Na hiyo si ni benga yetu? Umezunguka dunia yote na benga iko hapa?"

"Benga peke yake?"

Akafikiri. "Kuna reggae ya kitambo, ile ya mbio, kabla haijafundishwa kutembea pole. Besi yake inaruka."

Alirekodi benga upande mmoja na ile reggae ya mbio upande wa pili. Alichagua wimbo mmoja mmoja, akiinamia spika kuhakikisha besi imesimama mbele, huku wateja wengine wakilalamika mlangoni. Namshukuru mpaka leo. Alikuwa akimchagulia mtu ambaye hajawahi kumwona.

Nyumbani, ndugu yangu aliweka kiganja juu ya spika ya redio yake. Benga ya kwanza ilipofika pale ambapo mwimbaji hunyamaza na besi na gitaa huanza kukimbizana, aligeuka kuniangalia.

"Huyu wa besi anaongea na mimi."

"Anasema nini?"

"Ati?"

"ANASEMA NINI?"

"Anasema upunguze makelele."

Tulicheka sana, na yeye alicheka kwa muda mrefu kuliko mimi.

Masikio yake hayakupona. Lakini tangu siku ile nilijua mlango upi ulikuwa bado wazi. Niliacha kumpigia kelele kwa sauti yangu nyembamba ya darasani. Nikawa naishusha sauti, naifanya nzito, nasema taratibu nikimtazama. Akaanza kunijibu. Baada ya muda akaanza hata kunikatiza, akibishana nami juu ya bei ya unga, na sijawahi kufurahia kukatizwa namna ile.

Kwa hiyo, ukiupenda wimbo na hujui wenzake, jina lisikuhangaishe. Uweke mara kadhaa, na kila mara fuata kitu kimoja tu mpaka mwisho: kwanza besi, kisha ngoma, kisha gitaa, kisha mwimbaji. Kile ambacho kikitolewa hungeupenda tena, nenda dukani uombe hicho.