Siku niliyoambiwa "tómeselo" nikiwa nimefunga: Kihispania kilivyotubakisha Majengo

Wakuu, assalamu aleikum. Na wasiosalimiana hivyo, hamjambo nyote.

Ninayoandika hapa ni ya kweli. Chumvi sitaongeza, daktari amenikataza hata ya mezani.

Juzi niliona kijana mmoja humu akilalamika. Anajifunza Kihispania kwa simu, mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye me lo, te lo, se lo. Sasa anataka kuacha.

Usiache, mwanangu. Kaa kitako nikusimulie.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, Majengo, Pumwani. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama alikaanga mahamri akiuza mlangoni, lakini miguu ilianza kuvimba, na jiko la mkaa halimhurumii mgonjwa wa miguu.

Kaka yake alikuwa ameolea Malindi na kuhamia huko. Akaleta ujumbe: kijana akikosa kazi mpaka Idi, rudisheni chumba kwa mwenye nyumba, wewe dada njoo ukae na sisi.

Mimi ningebaki kulala kwa watu na kubeba magunia Gikomba.

Mama alizaliwa Majengo. Mumewe na wazazi wake wote wamezikwa Nairobi. Hakusema hata mara moja kwamba hataki kwenda. Lakini kila mjomba alipotajwa, alinyanyuka kutafuta kitu jikoni ambacho hakikupotea.

Basi ikasikika kwamba kampuni moja ya utalii mjini inatafuta guide wa wageni wa Kihispania. Wa Kiingereza walijaa. Wa Kijerumani walikuwapo. Wa Kihispania, hakuna.

Na kule Makadara, kwenye ukumbi wa misheni, alikuwako Sista Pilar aliyefundisha lugha ya kwao jioni bila malipo.

Wazee wa mtaa wakaniuliza, "Yaani utaingia kwa masista?"

Aliyewanyamazisha ni Maalim Athmani, aliyenisomesha chuoni, chuo cha Kurani, tangu utotoni. Alisema, "Mwacheni asome. Imani si peremende, haiyeyuki ulimini."

Nikaenda. Benchi moja nilikaa na Njoroge, kijana wa Bahati, mtu wa mzaha sana. Siku ya kwanza tu akanibatiza jina, Sheikh.

Salamu tulizimudu. Vyakula tukavimudu. Halafu tukafika hapo ulipokwama wewe, kijana wangu.

Angalia. Sisi tukisema "nimekupa kitabu", mtu anaingia ndani ya kitenzi, kitabu kinabaki nje. Mhispania, kitabu kikishajulikana, huwaita wote wawili, mtu na kitu, akawapanga mbele ya kitenzi. Te lo doy. Te ni wewe, lo ni hicho, doy ni natoa. Mtu hutangulia, kitu kinafuata.

Na akiwa ni yule wa tatu, yaani yeye, ilibidi iwe le, lakini le hakai na lo. Hugeuka kuwa se. Se lo doy, nampa hicho. Na mtu wa heshima, hata ukiwa unazungumza naye, huitwa hivyo hivyo kama wa tatu.

Darasa zima likazama hapo.

"Le lo doy," Njoroge alisema.

"No," Sista akajibu.

"Lo le doy."

"¡No!"

"Sista, si nikupe tu hicho kitabu tumalize?"

Tulicheka, hata Sista alicheka. Lakini njiani kurudi, nikiambaa Jogoo Road, sikuwa na kicheko. Ramadhani ilikuwa imekaribia, na baada ya Ramadhani ni Idi.

Nilipitia kwa Maalim. Nikamwambia lugha hii imenishinda, maneno madogo yananing'ang'ania miguuni kama kuku.

Akauliza, "Nipe hicho, kwa Kiarabu?"

"Aatinihi."

"Livunje."

"Aati, toa. Ni, mimi. Hi, hicho."

"Haya, sema ya sista wako."

"Démelo," nikasema, maana kwenye amri wale wawili huhamia nyuma ya kitenzi.

"Livunje."

"Dé, toa. Me, mimi. Lo, hicho."

Maalim akaniangalia kama mtu aliyeulizwa na mwanawe njia ya kwenda nyumbani kwao. "Sasa shida iko wapi?"

Wakuu, nilikaa pale mkekani nikajiona mpumbavu, tena mpumbavu mwenye furaha. Miaka yote ile ya kukariri chuoni nilidhani ni ya akhera peke yake. Kumbe nilikuwa nimeshafundishwa kuunganisha mtu na kitu nyuma ya kitenzi, na mtu akitangulia. Ikabaki ile se tu, nayo nikaikariri kama tulivyokariri kila kitu, kwa kutikisa kichwa mpaka ikaingia.

Interview ilikuja kuangukia katikati ya Ramadhani. Baridi ya Julai mnaijua nyinyi wa Nairobi. Mama aliniamsha kula daku, akanipigia pasi shati, akasema neno moja tu, "Nenda na Mungu."

Njoroge aliitwa kabla yangu. Alipotoka alikuwa anapangusa midomo.

"Sheikh, hawa watu ni wakarimu ajabu. Wamenipa kahawa!"

Nilidhani ni mapokezi tu. Nikaingia.

Ndani walikuwa wawili. Meneja wa kampuni, Mkenya mwenzetu, na mzee wa Kihispania aliyeitwa Don Ramón, ambaye ndiye aliyekuwa akitahini. Mezani kulikuwa na kitabu, funguo, na kikombe cha kahawa ya maziwa inayofuka moshi.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa amri. Anasema, unatenda.

Alionyesha kitabu. "Tráigamelo." Niletee hicho. Nikampelekea.

Akaonyesha funguo. "Déselas al gerente." Mpe meneja hizo. Nikampa meneja. Ile se ilipita masikioni mwangu kama jamaa wa siku nyingi.

Moyo ukatulia. Nikajiambia, hii kazi naipata.

Halafu akanisogezea kikombe. "Tómeselo."

Kinywe.

Nilisimama kama nguzo. Harufu ya ile kahawa mpaka leo naikumbuka.

Meneja akamwambia mwenzake kwa Kiingereza kwamba hapa sijaelewa, tuite mwingine.

Mzee akarudia polepole, kwa huruma, kama anayemsaidia mtoto. "Tó-me-se-lo."

Sitawadanganya. Nilimwona mama kwenye basi la Malindi na kibunda chake mapajani. Funda moja tu, na hapakuwa na mtu wa Majengo chumbani mle. Lakini sikufunga kwa ajili ya watu wa Majengo.

Kufunga kwa Kihispania Sista hakutufundisha. Nikasema kwa maneno niliyokuwa nayo. "Le entiendo, señor. No me lo puedo tomar. Es Ramadán. Cuando se vaya el sol, me lo tomo." Nimekuelewa, bwana. Siwezi kukinywa. Ni Ramadhani. Jua likienda zake, nitakinywa.

Don Ramón akaweka kalamu chini.

Meneja, yeye, hakufurahi. Akanigeukia kwa Kiswahili. "Sikiliza, kijana. Tunatafuta guide, hatutafuti imamu. Mgeni akikukaribisha chakula mchana kule porini, utamnunia hivi?"

"Sijanuna, mzee."

"Basi utamfanyaje?"

Yule Mhispania akauliza ni nini, akatafsiriwa, kisha akaniambia nijibu kwa lugha yake.

Nilikishika kile kikombe kwa mikono miwili, namna tulivyofundishwa kumpa mtu mzima kitu, nikampelekea. Nikamwambia, "Se lo agradezco, y se lo devuelvo." Nakushukuru kwa hicho, na nakurudishia.

Akakipokea. Alinitazama, akakitazama kikombe.

"Pues me lo tomo yo," akasema. Basi nitakinywa mimi.

Na akakinywa chote, pale pale, akaguna kwa utamu wake kwa makusudi, mzee yule! Meneja akajikaza, akashindwa, akaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Don Ramón akamwambia meneja maneno marefu ambayo sikuyafuata yote. Nilishika haya tu, kwamba kukubali kila mtu anaweza, ila kukataa kwa adabu katika lugha ya mgeni mwenyewe, hiyo ndiyo kazi ya guide.

Meneja akanitazama tena. "Jumatatu. Uje na viatu vya kutembelea."

Nje Njoroge alinikamata bega. "Sheikh, mbona umekawia? Umekunywa birika zima?" Nilipomsimulia alijishika kichwa. Yeye walimchukua miezi michache baadaye.

Nilifika nyumbani adhana ya magharibi inakaribia. Mama alikuwa ameshapanga tende na uji. Nikamweleza yote.

Hakuuliza mshahara. Aliuliza, "Ulikataa kahawa ya mtu mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa adabu?"

"Kwa adabu."

Adhana ilipoisha, akanisogezea tende. Kisha akasema, kama anayezungumza na uji, "Nitampelekea mjomba wako salamu. Nitakwenda Malindi Idi, nimsalimie, nirudi."

Alirudi. Na alikaa Majengo mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua, miaka mingi baadaye, katika chumba kile kile. Mlezi wangu yule, Mola amrehemu.

Kijana uliyekwama, funzo langu ni dogo. Usijifunze lugha kama mgeni asiye na chochote. Pekua uliyokwisha kufunzwa na wazee wako, iwe Kiarabu cha chuoni, iwe Kikuyu au Kiluo cha bibi. Pengine mlango umeshafunguliwa huko. Na siku lugha mpya ikikuamuru jambo lisilokufaa, usijifanye hukusikia. Jibu, kwa upole. Wenye lugha ni watu pia.

Haya, wakuu, nimesema mengi kwa mtu wa umri wangu. Kama kuna aliyesoma kwa sista yule Makadara, au aliyewahi kuwekewa kikombe mbele akiwa amefunga, aandike hapa chini. Nawasoma taratibu, miwani yangu ya zamani, lakini nawasoma nyote.