Kompyuta Inayomtambua Mwenye Nyumba

Mwaka jana, mwaka wa njaa, wa kula ming'oko, mizizi ya porini, asubuhi na jioni, mjukuu wangu Zuhura alileta kompyuta hapa Nandagala. Ikiachwa, inalala, kioo cheusi. Nikikaa kwa kushika meza, maana magoti yangu mabovu, kinawaka. Nikasubiri ilale, nikakaa tena. Kikawaka!

Nikatangaza kisimani: "Inamtambua mwenye nyumba!"

Jirani yangu Somoe akasema naongopa. Nikamleta aone. Sijakaa bado, kuku akarukia mezani. Kioo waa!

Zuhura akacheka. "Bibi, ikilala haizimiki yote. Ukitikisa meza, kipanya kinatikisika, inaamka."

"Kumbe mwenye nyumba ni kuku!" Somoe akasema. "Twende kisimani ukawaambie."

"Siendi kisimani."

Akanivuta mkono.

"Siendi kisimani."