Mapipa Matatu ya Mbulumbulu

Siku yangu ya kwanza wizarani, Mkurugenzi wa Itifaki alinitazama viatu kabla ya uso. Vilikuwa bado na udongo wa kwetu Mbulumbulu. "Kijana," akasema, "itifaki ni kumfanya mgeni asione shida ya mwenyeji. Ukiulizwa usilotumwa, tabasamu." Basi nikatabasamu mpaka taya zikauma. Nyie mnaodhani ubalozi ni suti na ndege, hebu nisikilizeni.

Nilianza kwa kupanga viti. Msicheke! Balozi aliyetangulia kukabidhi hati zake kwa Rais hukaa mbele ya aliyefuata, hata kama nchi yake ni ndogo kama tarafa. Kisha nikapelekwa ubalozi wetu mmoja huko Ghuba, Uarabuni. Kule kahawa ni chungu, na usipotikisa kikombe unapokirudisha, unamiminiwa tena. Siku ya kwanza nilikunywa vikombe tisa kwa adabu tu. Jamani, nilikesha! Ila nawakumbuka wale watu kwa mapenzi hadi leo.

Mafuta yalipoadimika duniani, niliitwa nyumbani. Waziri wa mafuta wa nchi ileile alikuwa anakuja, na alitaka kuiona Kreta ya Ngorongoro. Sisi tulitaka meli moja ya dizeli, maana ngano ilikuwa imeiva mashambani na mashine za kuvunia zimelala. Mimi ndiye niliyeandaa dondoo, yaani karatasi ya yale ambayo Mkurugenzi angeyasema. Mimi pia nilipanga msafara. Kwa cheo cha mgeni, magari saba.

Tulipofika Karatu, siku moja kabla ya mgeni, matangi ya magari yalikuwa makavu. Dizeli pekee ilikuwa mapipa matatu kwenye stoo ya ushirika wa kwetu Mbulumbulu, akiba ya kombaini iliyokuwa ikivuna mashamba ya wanakijiji kwa zamu. Mtunza stoo, Gwandu, alikuwa jirani na rafiki wa baba.

"Mwanangu, kesho ni zamu ya nani, unajua?"

"Najua, ni ya baba. Lakini mgeni wa cheo hiki hawezi kuja na magari mawili."

Nikaandika hati ya kuchukua mafuta, nikatia sahihi. Gwandu aliikunja, akaitia mfukoni, akafungua stoo.

Pale ukingoni mwa Kreta, Mkurugenzi akasoma dondoo zangu vizuri kabisa. Waziri akageuka kuyatazama magari. "Mnasema hamna dizeli," akasema kwa Kiingereza. "Haya saba yanakunywa nini?"

Mkurugenzi akatabasamu. Mimi nikashindwa. Nikamweleza kila kitu: mapipa, kombaini, baba. Waziri akasema anataka kuliona hilo shamba, tena kwa gari moja.

Tulimkuta baba anakata ngano kwa mundu, jasho linamtiririka, na mawingu yametanda. Akamkaribisha mgeni kwa heshima zote, kisha akanivuta pembeni.

"Mapipa yetu ameyatoa nani?"

Kwa mgeni nilisema kweli. Kwa baba yangu mzazi, nilitabasamu.

"Basi ni Gwandu," akasema. "Ndiye mwenye ufunguo."

Palepale shambani Waziri alikubali kutupa ile meli. Nilipandishwa cheo, nikatumwa nchi nyingine tatu, nikawa naibu balozi. Lakini meli ilichukua wiki kadhaa kufika, na mvua ilitangulia. Ngano ya baba ilichipua ikiwa bado kwenye masuke, ikaharibika. Hadi anaingia kaburini, baba hakumsalimia Gwandu tena. Enzi za uhai wake, kila likizo nilisema mwaka huu namwambia ukweli. Aa, wapi! Nilikuwa mwoga, basi.

Nilipostaafu na kurudi Mbulumbulu, niliikumbuka kazi mno: mihuri, bendera ndogo za mezani, hata kile kikombe cha kutikisa. Wiki ya kwanza Gwandu alinijia na fimbo yake, mzee kweli sasa. Akakaa, akanywa chai, akanipa karatasi iliyokunjwa. Sahihi yangu ilikuwa bado inasomeka.

"Mzee, ulikuwa nayo siku zote? Mbona hukumwonyesha baba?"

"Alikuwa anajivunia wewe kanisani kila Jumapili," akasema. "Marafiki alikuwa nao wengine zaidi yangu. Mtoto wa wizarani alikuwa naye mmoja tu."

Nikalia mbele yake, mtu mzima na mvi zangu. Yeye akaomba aongezewe chai.